Kuacha Sigara Ukiwa na Kitambi: Hatua kwa Hatua kwa Mtu wa Mombasa

Kuna neno nimelisikia barazani miaka mingi, na mimi mwenyewe nililisema: "Nikiacha sigara nitanenepa." Anayelisema mara nyingi kitambi anacho tayari. Ameishikilia sigara akidhani ndiyo inayomzuia asifure, na huku kila mwaka anatoboa tundu jipya kwenye mshipi.

Nilivuta miaka 17, sigara 15 kwa siku, nikiwa na kilo 92 kwa urefu wa mita 1.70. Mara ya kwanza nilipoacha niliongeza kilo saba kwa miezi minne. Suruali za kazini zikakataa kufunga, nikarudi kuvuta nikiamini nitapungua. Sikupungua. Nikabaki na kilo zile saba na sigara juu yake. Ninayoyaandika hapa ni njia niliyoifuata mara ya pili, pamoja na mambo niliyotamani mtu angeniambia mapema.

Nikotini hupunguza hamu ya kula na huufanya mwili uunguze nguvu kidogo zaidi ya kawaida. Hapo ndipo imani ile ilipotoka, na si uongo mtupu. Lakini mafuta ya mvutaji hupenda kukaa tumboni, ndani kabisa, kando ya ini na utumbo, na moshi huufanya mwili usiitii ipasavyo insulini, homoni inayosawazisha sukari ya damu. Mvutaji ana uwezekano wa asilimia 30 hadi 40 zaidi ya asiyevuta kupata kisukari cha aina ya pili. Kwa hivyo usishangae kumwona mtu mwenye mikono myembamba na tumbo lililotangulia mbele.

Mambo haya mawili yakikutana, hasara yake ni kubwa. Huko Marekani, takwimu za taifa za mwaka 2002 zilionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 20 alikuwa mnene wa kupindukia na mvutaji kwa pamoja. Na katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, ambako wakazi wamefuatiliwa afya zao tangu 1948, matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kwamba mvutaji mnene wa miaka 40 alipoteza miaka 13 au zaidi ya maisha, akilinganishwa na asiyevuta mwenye uzito wa kawaida. Kwetu Kenya mawili haya huingia kwa milango tofauti. Uchunguzi wa 2014 ulikuta wanaume asilimia 19.1 wanatumia tumbaku, wanawake 4.5. Ule wa 2015 ukakuta uzito uliozidi kwa wanawake asilimia 38.5 na wanaume 17.5. Ninapowaona wenzangu waliopita miaka 40, wenye kazi za kukaa, gari au tuktuk, na kikao cha muguka au miraa kila jioni, naona milango yote miwili imefunguka katika nyumba moja.

Mpango ni huu: sigara kwanza, kilo baadaye. Lakini kilo ziandaliwe kabla sigara ya mwisho haijazimwa. Anayeanza kujinyima chakula vikali siku ileile anayoacha kuvuta anapigana vita viwili kwa mkono mmoja, na mara nyingi hushindwa vyote.

Hatua ya 1: Pima kiuno

Mizani peke yake haitoshi. Chukua futi ya fundi cherehani, vua shati, tafuta ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha futi katikati yake. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa mwanamume sentimita 94 ni onyo na 102 ni hatari kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kipimo cha haraka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi wa sentimita 170 nilipaswa kuwa chini ya 85. Nilikuwa 108.

Halafu zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, na ugawe kilo zako kwa jibu hilo. Kilo 92 kwa 2.89 ni karibu 31.8. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Pima pia presha, na sukari ya asubuhi kabla hujatia kitu kinywani. Presha inayorudi 140 kwa 90 au zaidi kila ukipima, au sukari ya 7.0 mmol/L na kuendelea, ni jambo la daktari, si la duka la dawa. Nenda hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, au Hospitali ya Rufaa ya Pwani ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara. Ukifika, yataje mambo yote mawili kwa kinywa chako: "Navuta sigara 15 kwa siku, na kiuno changu ni 108." Nasema hivi kwa sababu kuna kliniki moja niliyohudhuria miaka mitatu. Kila mara niliambiwa nipunguze uzito, na hakuna aliyeniuliza hata siku moja kama navuta. Yananiuma mpaka leo.

Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, amwambie daktari tarehe anayotaka kuacha, kwa maana sukari inaweza kubadilika na kipimo cha dawa kikahitaji kurekebishwa. Ni hivyohivyo kwa baadhi ya dawa za pumu na za maradhi ya akili.

Hatua ya 2: Daftari la siku saba

Wiki moja vuta kama kawaida yako, lakini kila sigara iandike: saa ngapi, uko wapi, una nini mkononi au kinywani. Usijihukumu, andika tu.

Langu lilionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Katika sigara 15, ni nne tu ambazo mwili ulizidai kweli, na ya kwanza ilikuwa ile ya kuamkia. Zilizobaki zilifuata kitu kingine. Miongoni mwake, mbili zilikuja na kahawa, moja baada ya chakula cha mchana, moja nikingoja feri, tatu kikaoni usiku. Na pembeni ya sigara nyingi palikuwa na kitu kitamu: chai ya sukari vijiko vitatu, soda, kashata, halua. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kitambi changu na sigara yangu vilikuwa vinakaa mkeka mmoja.

Zungushia duara sigara zote zilizoambatana na chakula au kinywaji. Hizo ndizo zitakazokunenepesha ukiacha vibaya, kwa sababu sigara itaondoka na kitafunio kitabaki, tena kitaongezeka.

Hatua ya 3: Chagua siku

Usichague wiki ya harusi, wala wiki ya meli nyingi bandarini ikiwa ndiko riziki yako iliko. Kwa Mwislamu hakuna nafasi nzuri kama Ramadhani. Sigara inafunguza, kwa hiyo mchana kutwa, zaidi ya saa 13, mwili unakaa bila nikotini na nyumba nzima inakusaidia bila kujua. Kazi iko kati ya Maghribi na kulala. Wengi huwasha pale tende ya kwanza inapomezwa. Badala yake fungua kwa tende na maji, nenda ukasali, rudi ule, kisha toka kwenda tarawehe moja kwa moja bila kupita barazani.

Futari nayo ina mtego wake. Kaimati, sambusa, viazi vya kukaanga na tambi za sukari vikiwa juu ya sinia moja, mtu aliyeacha sigara anakula kwa mikono miwili. Mwombe mama wa nyumba, kwa adabu na mapema kabla ya mwezi kuandama, kwamba kila siku kiwe kimoja tu cha kukaanga. Mwombe, usimpangie jikoni kwake.

Asiyefunga achague mwanzo wa likizo au siku za mapumziko. Kwa vyovyote iwe tarehe iliyoandikwa, si "karibuni".

Hatua ya 4: Dawa zinasaidia, usione haya

Kuna chingamu ya nikotini na plasta ya nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Huupa mwili nikotini bila moshi, kisha kipimo kinapunguzwa polepole. Kwa mtu wetu wa kitambi zina faida nyingine: muda unaozitumia, kilo haziji kwa kasi. Zinakupa nafasi ya kujipanga.

Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka huhitaji chingamu ya miligramu 4. Anayekawia hutumia ya 2. Usiitafune kama chingamu za dukani. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali, kisha iegeshe baina ya ufizi na shavu, ukali ukiisha uitafune tena. Robo saa kabla yake usinywe kahawa, maji ya ukwaju wala ya machungwa, kwani uchachu huizuia isifanye kazi. Plasta ya miligramu 21 ni ya wanaovuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, na ya 14 kwa wanaovuta 10 au chini yake. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo, na mwenye kufunga anayetaka kuvaa plasta mchana: wawili wa mwanzo wamwone daktari, wa tatu amuulize shekhe anayemwamini.

Ukitaka mtu wa kuzungumza naye, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana nambari ya simu 1192, haina malipo.

Hatua ya 5: Kahawa, muguka na shisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa mji huu wanapoanguka.

Kahawa tungu na sigara ni ndugu wa toka nitoke. Muuza kahawa akipita na dele lake akigonga vikombe, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Lakini kuna jambo la mwilini ambalo wengi hawalijui. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ndani ya wiki moja kafeini inabaki mwilini muda mrefu zaidi, na kiasi chake katika damu kinaweza kufika mara mbili kwa vikombe vilevile ulivyozoea. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, usingizi hapati, anasema "ni arosto ya sigara hii", anakwenda kuwasha. Kumbe ni kahawa. Punguza nusu kuanzia siku ya kwanza, na baada ya Alasiri usinywe kabisa. Mimi nilimwambia muuza kahawa wetu waziwazi, "Bwana, mie leo nimeacha sigara, nipe kimoja tu na usiniongeze." Hakuniongeza mwezi mzima, Mungu ampe heri.

Muguka na miraa ni habari nzito zaidi. Mei 2024 serikali ya kaunti ilitangaza kuipiga marufuku muguka na jambo likafika mahakamani. Hayo nawaachia wenyewe. Ninachokijua mimi ni kikao kinavyokwenda: majani shavuni, soda mkononi, sigara moja ikiwasha nyingine. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari ya vijiko 13 hivi vya chai. Majani huua njaa mpaka saa sita ya usiku, kisha njaa inarudi yote pamoja, na kilicho wazi saa hiyo ni chipsi mayai na mishkaki. Miongoni mwa watu wangu sijamwona hata mmoja aliyeacha sigara akabaki na kikao. Kikao chenyewe kiachwe, walau miezi mitatu. Marafiki watanuna. Wakutane nawe kwengine.

Shisha si mbadala. Desemba 2017 serikali ilitangaza kuipiga marufuku, lakini hata sheria ikiwekwa kando, kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kukuvutisha moshi wa sigara 100 au zaidi. Kuberi, ugoro na tumbaku ya tambuu nazo ni tumbaku tu kwa sura nyingine.

Hatua ya 6: Siku tatu za moto

Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Utakuwa mkali, kichwa kizito, na utataka kutia kitu kinywani kila saa. Hamu moja hudumu dakika chache tu, tatu hadi tano, hata ikionekana haina mwisho. Shika mswaki, huu wa mti tunaoujua. Utafune, sugua meno. Mkono una kazi na kinywa kina kazi, na hauna sukari hata chembe. Wengine hutafuna karafuu au iliki. Weka karoti na matango yaliyokatwa kwenye friji, embe bichi na pilipili ukipenda, ila mwenye presha apunguze chumvi. Ubuyu wa sukari na kashata viwe mbali na nyumba wiki hizi.

Duka la mtaani pia lina jambo lake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 hairuhusu pakiti yenye chini ya sigara 10, lakini moja moja zinauzwa kila kona, na hiyo moja ndiyo inayomrudisha mtu. Mwambie mwenye duka asikuuzie. Atakucheka siku ya kwanza, siku ya pili atakuulizia hali.

Hatua ya 7: Sahani ya wiki 12

Kwa wastani anayeacha sigara huongeza kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija miezi mitatu ya mwanzo. Wapo wasioongeza, na wapo wanaopungua. Wiki hizi 12 lengo lako ni kubaki ulipo, si kupungua. Ukiongeza kilo mbili au tatu, usiguse sigara kwa ajili yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018 uliona kwamba hata walioongeza uzito baada ya kuacha, hatari yao ya kufa kwa maradhi ya moyo ilikuwa ndogo kuliko ya waliobaki wakivuta. Ila ulionyesha pia kwamba kwa walioongeza kilo, hatari ya kisukari hupanda kwa miaka kadhaa kabla ya kushuka. Ndiyo maana sahani haiachwi hivi hivi.

Mimi sikubaliani na wanaotuambia tuache nazi. Samaki wa kupaka si adui yako. Tazama wali. Chota nusu ya ulivyozoea, nafasi iliyobaki ijazwe mchicha, bamia, kachumbari, na kipande kizima cha samaki au kikombe cha mbaazi au kunde. Mahamri yawe mawili, si matano, na mbaazi ziongezwe badala yake, kwani zinashibisha muda mrefu. Chai iteremshwe kijiko kimoja cha sukari kila wiki. Ikifika wiki ya nne ulimi umezoea. Maji ya miwa yaache kabisa, dafu moja linatosha. Usile baada ya saa tatu usiku.

Baada ya kula ondoka pale ulipokaa. Sigara ya baada ya chakula inangoja mtu aliyekaa. Piga mswaki, au tembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi.

Hatua ya 8: Miguu

Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, mwendo wa kukufanya uhemeke lakini uweze kuzungumza. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua la Mombasa halina huruma kwa mtu mnene. Toka baada ya Alfajiri. Mama Ngina, kando ya bahari, asubuhi pana upepo na kina mama wengi hutembea kwa makundi, hakuna anayekukodolea macho. Jioni pia ni pazuri, ila wauza muhogo wa kukaanga wamejipanga kote, basi nenda umeshiba. Mtu wa Nyali au Bamburi ana ufuo wakati wa maji kupwa, mchanga ukiwa mgumu. Mwenye magoti mabovu atembee ndani ya maji yanayomfika kiunoni.

Ukiwa safarini, shuka matatu kituo kimoja kabla. Ukihisi kifua kinabana, maumivu yanashuka mkono au taya, au jasho baridi linakutoka, simama na upelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 9: Ukiteleza

Umevuta moja msibani au harusini. Izime, tupa iliyobaki, andika kwenye daftari saa na mahali, endelea na siku yako. Tarehe yako haibadiliki. Niliteleza mara mbili, zote mbili baada ya ugomvi wa kazini, na daftari ndilo lililonionyesha hivyo.

Hatua ya 10: Sasa kitambi

Ukitimiza wiki 12 bila sigara, pumzi imerudi na ngazi za ghorofa ya tatu huziogopi tena, hapo ndipo unapoanza kupunguza. Lenga asilimia 5 ya uzito wako kwa miezi sita. Kwa mtu wa kilo 92 ni kilo 4 na nusu tu, na kiasi hicho kinatosha kushusha presha na sukari. Wali upungue kijiko kimoja zaidi, matembezi yawe dakika 45, na vya kukaanga viwe siku ya Ijumaa peke yake.

Pima kiuno kila wiki mbili, asubuhi, futi ileile, mahali palepale, na uandike katika daftari lile lile ulilohesabia sigara. Katika langu, ukurasa wa kwanza una 108. Wa mwezi wa tatu una 110. Wa mwezi wa tisa una 101.